Chanjo ya mjamzito: ujumbe umefika, nani atajibu swali?

Chanjo ya pepopunda anachomwa mama, lakini anayelindwa zaidi ni mtoto ambaye hata jina hajapewa. Jambo hilo moja likielezwa vizuri huondoa sehemu kubwa ya hofu inayozunguka kliniki za wajawazito. Lisipoelezwa, linabaki swali ambalo wanawake wa Mbeya na Iringa, kama wenzao kote nchini, wana haki ya kuliuliza: kwa nini tuchomwe sisi, tena tukiwa na mimba, na waume zetu waachwe?

Siku hizi swali hilo halisubiri foleni ya kliniki. Linaingia kwenye simu, katika makundi ya WhatsApp ya kikoba, ya kwaya, ya ukoo na ya wazazi wa shule. Huko ndiko linakojibiwa kwanza, na mara nyingi anayejibu hajui. Ujumbe wa sauti usio na jina la mwenyewe unaweza kuanza kusambazwa Mwanjelwa asubuhi, na kabla ya jua kuzama ukawa unasikilizwa Mafinga na Ilula. Muuguzi wa zahanati, mwenye jibu la kweli, hayumo kwenye kundi hata moja kati ya hayo.

Tanzania haijaanza leo kufundisha wajawazito kwa simu. Tunao uzoefu wa zaidi ya miaka 10, na uzoefu huo unatuambia neno moja lililo wazi: elimu ya mtandaoni itawafaa wajawazito wa Nyanda za Juu Kusini pale tu upande wa pili wa simu atakapokuwepo mtu wa kujibu. Ujumbe unaokwenda bila kurudi hautoshi.

Adui aliyemo udongoni

Vijidudu vya pepopunda huishi kwenye udongo na samadi. Nyanda za Juu Kusini ni nchi ya jembe na zizi. Kuna mpunga Mbarali, ndizi na ng'ombe wa maziwa Rungwe, mahindi Kilolo, chai Mufindi, viazi kwenye miinuko ya Mbeya. Hakuna atakayeukimbia udongo, na vijidudu hivyo hujifunika gamba gumu linaloviwezesha kudumu humo miaka mingi.

Kwa mtoto mchanga mlango wa ugonjwa ni kitovu. Wembe uliokwisha kutumika, uzi usio safi, au majivu na samadi vinavyopakwa kwa imani kwamba kidonda kitakauka haraka, vyote hupitisha vijidudu. Vikishaingia mahali pasipo na hewa, vinatoa sumu inayoshika mishipa ya fahamu.

Siku mbili za mwanzo mtoto hunyonya vizuri na nyumba nzima hufurahi. Kisha, mara nyingi kati ya siku ya 3 na ya 14, anaanza kushindwa kunyonya. Taya zinakaza, midomo haifunguki sawasawa, mwili unakakamaa na mgongo unapinda kwa nyuma. Akiguswa, mwanga ukimpiga au mlango ukibamizwa, mwili wote unashtuka na kukaza upya. Asipopata matibabu ya hospitali, uwezekano wa kupona ni mdogo mno, na hata akiyapata, madaktari wanapigana vita vigumu.

Kinga yake ni rahisi kuliko tiba. Mama akichanjwa, mwili wake hutengeneza kingamwili, na kingamwili hizo hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Anazaliwa nazo. Hilo si jambo la kubahatisha: mwaka 1961 watafiti Schofield, Tucker na Westbrook walichapisha matokeo ya kazi yao ya New Guinea, yakionyesha kwamba kuwachanja wajawazito huwaokoa watoto wachanga na pepopunda. Mwaka 1988 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba ugonjwa huu uliua watoto wachanga 787,000 duniani. Kufikia 2018 makadirio yalishuka hadi kama 25,000. Chanjo kwa akina mama na uzazi salama ndivyo vilivyoleta tofauti hiyo.

Tanzania nayo ilithibitishwa mwaka 2012 kuwa imetokomeza pepopunda ya akina mama na watoto wachanga. Kipimo chake ni kwamba katika kila wilaya wagonjwa wawe chini ya mmoja kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Ni ushindi mkubwa, lakini haufanani na ule wa ndui. Ndui ilikwisha duniani, ila udongo haujaondoka Uyole wala Kihesa. Kila msichana anayekuwa mama ni lazima apate kinga yake mwenyewe, na akimwachia mwenzake kazi hiyo, ugonjwa una pa kurudia.

Siku hizi chanjo inayotolewa ni Td, inayokinga pepopunda pamoja na dondakoo. Kwa mama ambaye hajawahi kuchanjwa, ya kwanza hutolewa anapofika kliniki mara ya kwanza, na ya pili baada ya wiki 4 au zaidi, ikitakiwa iwe imetolewa angalau wiki 2 kabla ya kujifungua. Ya tatu hufuata baada ya miezi 6, ya nne baada ya mwaka, na ya tano baada ya mwaka mwingine. Dozi mbili humkinga kwa takribani miaka 3, tatu kwa miaka 5, nne kwa miaka 10, na tano humtosha kwa umri wake wote wa kuzaa. Maudhi yake ya kawaida ni maumivu ya mkono, uvimbe kidogo na pengine homa nyepesi, na hayo huisha baada ya siku chache.

Uvumi una mantiki yake

Mwaka 2014 majirani zetu wa Kenya walipita kwenye tufani ambayo kila anayeandaa elimu ya chanjo angepaswa kuisoma. Wizara ya Afya ya huko ilikuwa ikiendesha kampeni ya pepopunda kwa wanawake wenye umri wa kuzaa. Maaskofu Katoliki wa Kenya walitangaza hadharani kwamba chanjo hiyo ilichanganywa na homoni ya ujauzito ili kuwafunga wanawake uzazi. Serikali, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha, wakaeleza kwamba chanjo ilikuwa salama, na kwamba vipimo vilivyotumika kuitafuta homoni hiyo, ambavyo vilitengenezwa kwa ajili ya damu na mkojo, vikipewa dawa ya chupani haviwezi kutoa jibu la kutegemewa. Kufikia hapo, hofu ilikuwa imeshafika majumbani.

Tuutazame uvumi ule bila kuwadharau waliouamini. Ulishika kwa sababu kulikuwa na pengo. Watu waliona wanachanjwa wanawake tu, tena wenye umri wa kuzaa tu, na hawakuambiwa mapema sababu yake. Jibu lilikuwepo na lingetosha sentensi moja: mama ndiye anayempa mtoto kinga, baba hana njia ya kuipitisha. Sentensi hiyo haikufika kabla ya uvumi, na ilipofika baadaye ilisikika kama utetezi.

Elimu ya mtandaoni ina faida hapa, kwa kuwa inaweza kutangulia. Mjamzito anaweza kuisikia sababu akiwa nyumbani, akaitafakari, akaijadili na mama mkwe au shangazi, kisha akafika kliniki akiwa na maswali yake mkononi. Anayeisikia kwa mara ya kwanza huku sindano imeshachomolewa hana nafasi hiyo.

Kutoka redioni hadi 15001

Wazee wetu wanakumbuka Mtu ni Afya. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na Redio Tanzania waliendesha kampeni iliyowakusanya watu wapatao milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza. Redio ilisema, lakini kazi haikuishia redioni. Kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo, kilikuwa na kijitabu, kilijadili kilichosikika, kisha kiliamua cha kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani, kuchemsha maji. Sauti ilitoka Dar es Salaam na majibu yalipatikana kijijini.

Iringa yenyewe iliandika sura nyingine. Mpango wa lishe ulioanza mwaka 1983 kwa ushirikiano wa Serikali, UNICEF na Shirika la Afya Duniani, ukigharimiwa na Italia, uligusa vijiji 168 mwanzoni. Watoto walipimwa uzito hadharani katika siku za afya za kijiji, na wazazi walikaa na viongozi wao kuuliza kwa nini huyu amepungua na nini kifanyike. Programu za lishe katika nchi nyingine zilikuja kujifunza kutoka hapo. Iringa haihitaji kufundishwa kwamba takwimu bila mazungumzo hazimbadilishi mtu.

Kisha ikaja simu. Mwaka 2012 Wizara ya Afya na washirika wake walianzisha Wazazi Nipendeni. Mama alituma neno MTOTO kwenda 15001, akaanza kupokea ujumbe bila malipo kulingana na umri wa mimba yake: nenda kliniki mapema, pata chanjo ya pepopunda, lala kwenye chandarua, pima Virusi vya UKIMWI, jiandae kujifungulia kituoni. Mume na ndugu wanaomsaidia nao waliweza kujiandikisha. Lilikuwa wazo zuri, na hasa lile la kumhesabu baba kuwa ni mwanafunzi wa somo hili.

Je, ujumbe wa simu hubadilisha mwenendo? Zanzibar ilitoa jibu la makini. Kati ya 2009 na 2010 watafiti waliwafuatilia wajawazito 2,550 waliohudhuria vituo 24 vya afya. Wa kundi moja walitumiwa ujumbe, na pia walipewa vocha ya kumpigia mhudumu wa afya. Waliohudhuria kliniki mara 4 au zaidi walikuwa asilimia 44 katika kundi hilo, na asilimia 31 katika kundi la kawaida. Waliojifungua mikononi mwa wataalamu walikuwa 60 dhidi ya 47. Lakini matokeo hayo ya kujifungua yalikuwa na mpaka wake: waliofaidika ni wanawake wa mjini, na kwa wale wa shamba tofauti haikuonekana.

Marekani nako, utafiti wa Colorado uliochapishwa mwaka 2019 uliwapa wajawazito tovuti yenye maelezo ya chanjo. Waliopewa walichanjwa dhidi ya mafua ya msimu kwa wingi kuliko wenzao, ila kwa chanjo inayokinga kifaduro tofauti haikuonekana. Maana yake ni kwamba maelezo mazuri ya mtandaoni yana nguvu, lakini nguvu hiyo haiko sawa kila mahali wala kwa kila chanjo.

Kitochi, bando na mwenye simu

Turudi nyumbani. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2.3 Mbeya na karibu milioni 1.2 Iringa. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma inapita mikoa yote miwili, na kando yake mtandao unashika vizuri. Ukiiacha lami ukapanda milima ya Kilolo au ukashuka mabonde ya Busokelo, hali ni nyingine: mawasiliano yanategemea umesimama wapi, na simu ya mama wengi ni kitochi. Hata video iwe nzuri kiasi gani, kwake haifunguki. Mwenye simu janja naye huhesabu bando, na filamu ya dakika 10 ni bei ya chumvi na mafuta ya taa.

Kuna la zaidi. Simu ndani ya nyumba mara nyingi ni moja, na anayeishika ni baba. Na mila zetu nyingi humtaka mwanamke asitangaze mimba changa. Ujumbe unaosema "mimba yako sasa ina wiki 10" ukisomwa na asiyehusika unaweza kumtia mama taabuni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na kila anayekusanya namba za wajawazito anawajibika kuiheshimu. Mama aulizwe kwanza: tukutumie kwenye namba gani, saa ngapi, na tutumie maneno gani?

Kwa hiyo mtandao wa Nyanda za Juu Kusini uwe na ngazi zake. Kwa kitochi, ujumbe mfupi na simu ya sauti. Kwa simu janja, sauti na video fupi. Kwa asiye na simu kabisa, redio, maana Bomba FM ya Mbeya na Ebony FM ya Iringa zinasikilizwa sokoni, kwenye bajaji na jikoni. Na kwa wote, mtu wa karibu. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwaandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 ndani ya miaka 5. Mhudumu huyo ndiye kiungo kilichokosekana kwa akina mama wa shamba: anaijua nyumba, anakijua Kihehe au Kinyakyusa cha bibi aliyekaa ndani, na anaweza kurudi kesho.

Ujumbe unaofaa ukoje?

Tazama ujumbe huu: "Wajawazito wote mnakumbushwa kupata chanjo ya Td kwa mujibu wa ratiba." Hauna kosa hata moja, na hauna anayeusikia. Hausemi Td ni nini, haumtaji mtoto, haumpi mama cha kufanya leo.

Sasa tazama huu: "Mama, chanjo ya pepopunda unachomwa wewe, kinga anaipata na mtoto tumboni. Ukienda kliniki muulize muuguzi: hii ni ya ngapi kwangu? Una wasiwasi? Piga 199, ni bure." Namba hiyo ni ya kituo cha Wizara ya Afya cha huduma kwa wananchi. Na kwa baba: "Baba, mkono wa mama ukiuma baada ya chanjo ni kawaida, utapoa. Msaidie kuchota maji leo." Ujumbe wa namna hiyo unamtambua mtu, unamweleza sababu, unamtayarisha kwa maudhi madogo kabla hayajageuzwa kuwa ushahidi wa uvumi, na unamwachia mlango wa kuuliza.

Video nazo si lazima zitengenezwe studio. Muuguzi wa zahanati ya hapo hapo, anayefahamika, ashike kichupa cha chanjo mbele ya simu kwa nusu dakika. Kwenye kichupa pana alama ya duara lenye mraba katikati. Mraba ukiwa na rangi hafifu kuliko duara, chanjo haijaharibiwa na joto. Mraba ukifikia rangi ya duara, kichupa hakitumiki. Aeleze pia kwamba Td huharibika ikiganda, ndiyo maana hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Mama akiyajua hayo, anaweza kuomba aonyeshwe kichupa, na muuguzi asikasirike. Mficha uchi hazai, na kituo kisichotaka kuulizwa hakiwezi kuaminiwa.

Elimu hiyo iseme kweli yote, hata yale yasiyohamasisha. Chanjo ya surua na rubella hapewi mjamzito, kwa kuwa imetengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa. Ile ya saratani ya mlango wa kizazi nayo husubiri hadi ajifungue. Mama anayeambiwa wazi ipi hapewi na kwa nini, humwamini zaidi mtu yuleyule anapomwambia ipi apewe.

Zijazo ziko njiani

Yapo mambo ya kutufanya tuharakishe. Uingereza, baada ya mlipuko wa kifaduro wa mwaka 2012 uliowaua watoto wachanga 14, ilianza Oktoba mwaka huohuo kuwachanja wajawazito, na watoto wa waliochanjwa wakalindwa kwa kiwango kikubwa. Shirika la Afya Duniani sasa linapendekeza pia njia za kuwakinga watoto wachanga na virusi vya RSV vinavyoshambulia mapafu, mojawapo ikiwa chanjo kwa mjamzito. Orodha ya chanjo za ujauzito duniani inarefuka, na siku moja mazungumzo hayo yatafika kwenye kliniki zetu. Kila chanjo mpya itakuja na maswali mapya.

Hatuanzi mikono mitupu. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu unaonyesha kwamba wanawake waliohudhuria kliniki mara 4 au zaidi walipanda kutoka asilimia 51 mwaka 2015-16 hadi 65 mwaka 2022, na waliojifungulia vituoni kutoka 63 hadi 81. Akina mama wanakuja. Wanaokuja wanastahili kukuta watu walio tayari kuzungumza nao, kabla ya siku ya kliniki na baada yake.

Kinachotakiwa ni kidogo na kinawezekana. Halmashauri za Mbeya na Iringa zihakikishe kila kituo cha afya kina namba moja ya simu inayojulikana, yenye muuguzi wa zamu wa kujibu na vocha ya kumwezesha kupiga, na saa hizo zihesabiwe kuwa ni kazi yake, si hisani. Wahudumu wa jamii wapewe sauti na video fupi zilizohakikiwa, wazisambaze kwenye makundi yaleyale ambamo uvumi hupita. Mapadri, wachungaji na masheikh waelezwe mapema, kabla ya kampeni na si baada ya mgogoro. Redio zitenge kipindi ambacho mkunga anapigiwa simu na kujibu moja kwa moja hewani.

Na wewe msomaji, kama nyumbani kwako yupo mjamzito, iombe kadi yake ya kliniki wikiendi hii, mwangalie pamoja sehemu ya chanjo ya pepopunda. Kama kuna dozi iliyopita tarehe, Jumatatu msindikize. Kama ana hofu, msikilize hadi mwisho, kisha mtafutieni pamoja muuguzi wa kumjibu.